Somo la robo hii: Ufundi wa reli na matengenezo ya treni, kazi ambayo vijana wetu hawaiombi



Tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata, barua za kuomba msaada wa masomo zinazofika ofisini kwetu zimebadilika. Vijana ambao zamani waliandika kwamba wanataka kuwa marubani sasa wanaandika kwamba wanataka kuendesha treni. Tunafurahi. Lakini ni nadra sana kukuta barua ya kijana anayeomba kujifunza kuitengeneza hiyo treni, na ikitokea, kamati ya parokia huirudisha na swali lile lile: je, hakuna kozi nzuri zaidi kwa mtoto huyu, kama vile uhasibu?

Somo la toleo hili linajibu swali hilo. Tunaomba lisomwe kwenye kikao kabla ya kupitisha majina ya wafadhiliwa, kwa sababu linahusu fedha zenu na pia maisha ya watu wanaopanda treni.

Kazi yenyewe ni ipi

Mtu akisema "mhandisi wa reli" wengi huona mtu mwenye kofia ngumu na ramani mkononi. Yupo mtu huyo, lakini nyuma yake wapo wengi. Kuna mafundi wa vichwa vya treni, mafundi wa mabehewa, mafundi wa njia (wale wanaoshughulika na reli, mataruma na kokoto), mafundi wa ishara na mawasiliano, na sasa mafundi wa nyaya za umeme zinazopita juu ya reli mpya, zenye nguvu ya volti 25,000. Kila kundi lina ngazi zake, kuanzia kibarua hadi mhandisi aliyesajiliwa.

Tanzania ina jambo moja la pekee. Ndani ya nchi moja tuna reli za upana wa aina tatu. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina milimita 1,067. Reli mpya ya kisasa ina milimita 1,435. Behewa la reli moja haliwezi kupita kwenye reli nyingine, na ndiyo maana pale Kidatu mizigo ilijengewa mahali pa kuhamishwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Kwa fundi maana yake ni kwamba karakana, vipuri na hata baadhi ya vipimo ni tofauti, lakini elimu ya msingi ni ile ile. Aliyejifunza vizuri Morogoro hatakuwa mgeni kabisa akienda Mbeya au ng'ambo ya mpaka, Mpika, ambako TAZARA ina karakana na chuo cha mafunzo.

Watu wengi pia hudhani kwamba kichwa cha dizeli huzungusha magurudumu moja kwa moja kama lori. Katika vichwa vingi vya reli zetu sivyo. Dizeli huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme, na umeme huo huenda kwenye mota zilizofungwa karibu na ekseli. Kwa hiyo fundi anahitaji kujua mitambo na umeme pamoja. Mtu mwenye ujuzi huo anatafutwa pia migodini, kwenye meli za ziwani na kwenye jenereta za hospitali. Tunalitaja hili kwa ajili ya wazazi wanaouliza, na wana haki ya kuuliza: "Na reli ikifa tena?"

Gurudumu na ekseli

Tuanze na kitu kinachoonekana. Gurudumu la treni lina ukingo kwa ndani, na tumezoea kudhani kwamba ukingo huo ndio unaoifanya treni isitoke kwenye reli. Ukingo ni kinga ya mwisho. Kinachoongoza treni ni umbo la uso wa gurudumu: haukuchongwa sawasawa, bali una mteremko mdogo, mnene upande wa ndani na mwembamba upande wa nje. Magurudumu mawili yamekazwa kwenye ekseli moja, kwa hiyo hayawezi kuzunguka kwa kasi tofauti. Treni ikiingia kwenye kona, jozi hiyo husogea kidogo kuelekea nje. Gurudumu la nje linakanyaga sehemu nene na kwenda umbali mrefu zaidi kwa kila mzunguko, la ndani linakanyaga sehemu nyembamba, na treni inakata kona yenyewe. Hakuna usukani.

Uzuri huo unadumu ikiwa umbo halijaliwa. Gurudumu likitumika kwa muda mrefu, uso wake unachimbika na ukingo unakuwa mwembamba na mkali. Hapo fundi hupima kwa kipimo maalumu, na likipita kiwango, jozi hutolewa na kupelekwa kwenye mashine ya kuchonga. Fundi anayeandika kwenye daftari kwamba amepima, kumbe hakupima, hataonekana siku hiyo wala wiki hiyo.

Vivyo hivyo kwa ekseli na beringi zake. Grisi ikipungua au beringi ikivunjika, inapata moto, na ekseli inaweza kukatika treni ikiwa mwendoni. Mafundi wa zamani walitembea kando ya treni stesheni wakigonga kila gurudumu kwa nyundo: zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti butu. Leo karakana hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa masikio kutafuta nyufa zilizo ndani ya chuma. Chombo kimebadilika, lakini bado yuko mtu mmoja anayetakiwa kusema "hili lisiende," hata kama abiria wamekwisha panda na mkuu wa stesheni anaangalia saa.

Breki

Hapa tunaomba msomaji awe mvumilivu kidogo, kwa sababu bila kuelewa breki hataelewa kwa nini tunasisitiza.

Chini ya treni, kutoka kichwani hadi behewa la mwisho, linapita bomba moja la hewa, linalounganishwa kati ya behewa na behewa kwa mipira. Kila behewa lina mtungi wake mdogo wa hewa. Kompresa iliyo kwenye kichwa hujaza hewa bomba na mitungi. Wakati bomba limejaa, breki zimeachia. Dereva akitaka kusimama, anapunguza hewa kwenye bomba. Vali ya kila behewa inahisi upungufu huo na kufungua mtungi, na hewa ya mtungi ndiyo inayosukuma pistoni na kubana magurudumu. Mfumo huu ulibuniwa na Mmarekani George Westinghouse mwaka 1872, na uzuri wake ni kwamba treni ikikatika katikati, hewa inatoka kwenye bomba na breki zinakamata zenyewe pande zote mbili.

Lakini hewa iliyo kwenye mitungi si ya milele. Treni ikiachwa imesimama bila kompresa kufanya kazi, hewa huvuja polepole, na saa ikifika breki zinaachia. Kwa sababu hiyo kila behewa lina pia breki ya mkono, inayozungushwa kwa gurudumu au mtaimbo. Kwenye mteremko, treni inayolala hufungwa kwa breki za mkono za kutosha, na haiachiwi hewa peke yake.

Mji wa Lac-Mégantic

Tarehe 6 Julai 2013, usiku, treni ya mizigo yenye matangi 72 ya mafuta ghafi ilianza kuteremka peke yake, bila mtu ndani, kuelekea mji mdogo wa Lac-Mégantic nchini Kanada. Ilikwenda zaidi ya kilomita 11 ikizidi kuongeza kasi, ikaanguka katikati ya mji na kuwaka moto. Watu 47 walikufa.

Uchunguzi wa serikali ya nchi ile ulieleza jinsi mambo yalivyofuatana. Dereva aliiacha treni kwenye mteremko ikiwa na breki za mkono saba tu, na kichwa kimoja kikiwa kinanguruma ili kuendelea kutoa hewa. Baadaye usiku kichwa hicho kikashika moto. Wazima moto walifika, wakauzima, na katika kuuzima injini ilizimwa. Kompresa ikasimama. Hewa ikaanza kuvuja. Breki saba za mkono hazikutosha kushikilia uzito ule.

Na kwa nini kichwa kilishika moto? Hapa ndipo somo letu lilipo. Miezi minane kabla, mwezi Oktoba 2012, injini hiyo iliharibika na kupelekwa karakana. Matengenezo ya kawaida yangechukua muda na fedha nyingi, na kulikuwa na haraka ya kuirudisha kazini. Basi ikazibwa kwa kitu cha aina ya gundi ngumu, kisicho na nguvu inayotakiwa. Gundi hiyo ikashindwa, mafuta ya injini yakaanza kujikusanya mahali pasipostahili, yakapata joto, yakawaka.

Mtu aliyeziba ile injini hakuwa na nia mbaya. Kulikuwa na haraka ya kuirudisha kazini, na matengenezo ya kawaida yalikuwa ghali. Nani kati yetu hajaona pampu ya maji ya kijiji ikifungwa kwa mpira wa baiskeli, au mashine ya kusaga ya kikundi ikiwashwa kwa waya? Sisi husema "itasukuma siku mbili tatu." Pampu ikishindwa, akina mama wanarudi mtoni. Treni ikishindwa, hesabu ni nyingine.

Hatuhitaji kwenda Kanada tu. Tarehe 24 Juni 2002, mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyobeba zaidi ya watu 1,200 ilirudi nyuma kwenye mwinuko ikashindwa kuzuilika, ikagongana na treni ya mizigo karibu na Igandu. Watu 281 walikufa. Parokia nyingi zilizo kando ya Reli ya Kati zilizika watu wao wiki ile, na wapo wanaosoma ukurasa huu ambao hawahitaji kuelezwa zaidi.

Njia, joto na vyuma chakavu

Kuna sehemu ya kazi hii isiyo na karakana wala paa. Fundi wa njia na genge lake hutembea kwa miguu wakitazama bolti, mataruma, kokoto, madaraja na makalvati. Chuma hurefuka kwa joto: kilomita moja ya reli, joto likipanda kwa nyuzi 30, hutaka kurefuka kwa karibu sentimita 35. Reli iliyoungwa moja kwa moja haina pa kwenda, hivyo inazuiwa na mataruma yaliyokaa ndani ya kokoto. Kokoto zikipungua, reli hupinda mchana wa jua kali kama nyoka. Maji nayo ni adui mkubwa. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalikata Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za treni zilisimama kwa miezi.

Hapa tuna neno kwa kamati za parokia zilizo kando ya reli. Bolti na mataruma ya chuma huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na wanaoyapeleka ni vijana wetu, wakati mwingine watoto wa shule. Kokoto za reli zimeonekana pia kwenye msingi wa nyumba. Tunaombwa mara kwa mara kufadhili semina za uongozi. Tungefurahi kupokea ombi la semina juu ya jambo hili, lenye fundi wa njia kama mtoa mada.

Kwa nini mafundi ni wachache

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kuvunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na shirika lake la reli, na miaka iliyofuata haikuwa rahisi. Kenya na Uganda zilikodisha reli zao mwaka 2006, Tanzania mwaka 2007. Wafanyakazi wengi walipunguzwa, vijana wachache sana waliingia, na mikataba yote hiyo ilivunjika kabla ya wakati wake. Matokeo yake, mafundi waliojifunza chini ya fomeni wenye uzoefu walistaafu bila kuacha wanafunzi. Ufundi wa namna hii haupatikani wote vitabuni. Mkono unafundishwa na mkono.

Kisha reli zikarudi. Treni za kisasa zilianza kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Njia ya zamani ya kaskazini ilifufuliwa, treni ya abiria ikafika Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020. Fedha za kujenga zilipatikana, na sherehe za uzinduzi zilikuwa kubwa. Wafadhili wetu watatuvumilia tukisema kwamba hata sisi, mashirika ya kanisa, tuna ugonjwa huu: picha ya kukata utepe inapendeza kwenye ripoti, picha ya mtu akipaka grisi hatuitumi. Bajeti nyingi tunazoziona zina fungu la ujenzi na hazina fungu la matengenezo.

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Mungu anamtaja Bezaleli kwa jina na kumjaza roho yake apate hekima ya kufanya kazi ya dhahabu, mawe na mbao. Bezaleli hakuwa kuhani, alikuwa fundi. Na sura ya 35 inaongeza kwamba alipewa pia moyo wa kufundisha wengine.

Kijana aingie kwa mlango gani

Aliyemaliza kidato cha nne bila alama nzuri za hisabati asikate tamaa. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA na vya kanisa hufundisha uchomeleaji, umeme, ufundi mitambo na uchongaji wa vyuma kwa ngazi ya kwanza hadi ya tatu, na hizo ndizo fani zinazotumika karakana ya reli. Aliyefaulu masomo ya sayansi na hisabati anaweza kwenda chuo cha ufundi kusoma stashahada kwa miaka mitatu. Ahakikishe chuo kimesajiliwa na NACTVET kabla ya kulipa hata shilingi moja. Wenye kidato cha sita wanaweza kusoma shahada ya uhandisi kwa miaka minne, kisha wafanye kazi chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kuwa wahandisi wataalamu. Kwa mafunzo ya reli yenyewe kipo Chuo cha Reli Tabora, na kwa wasomaji wetu wa Kenya chuo cha reli kilichopo Nairobi.

Wasichana wanafaa. Tunasema hivyo kwa sababu fomu nyingi za kamati bado zina neno "kijana wa kiume" kwenye mstari wa ufundi. Kazi ya ishara, vipimo na umeme inahitaji makini kuliko misuli, na mizigo mizito hunyanyuliwa kwa winchi.

Tusiwadanganye, hata hivyo. Kazi ni ya zamu, usiku na sikukuu. Kuna kelele, mafuta na umeme unaoua kabla hujagusa waya. Kijana anayechukia kuandika hafai, maana nusu ya kazi ni kumbukumbu: nini kilipimwa, lini, na nani alitia sahihi.

Kwa upande wa fedha, ada si sehemu inayowaangusha wanafunzi wengi tunaowafuatilia. Wanaanguka kwenye mafunzo kwa vitendo, wanapopangiwa mji wa mbali wasio na ndugu, bila kodi ya chumba, bila buti za usalama wala nauli. Kamati inayolipa ada yote na kuishia hapo inamwacha kijana katikati ya daraja. Kuanzia robo ijayo, fomu yetu ya maombi itakuwa na ukurasa wa mafunzo kwa vitendo, na ombi lisilojazwa ukurasa huo litarudishwa.

Maswali kwa kikao cha kamati

Katika miaka mitano iliyopita, ni vijana wangapi tuliowasomesha wakaingia fani za ufundi, na wangapi ofisini? Ni mstaafu gani wa reli, bandari au mgodi anayeishi katika parokia yetu, na je, kuna aliyewahi kumwomba akae na vijana walau Jumamosi moja kwa mwezi?

Mashine zetu wenyewe, yaani pampu, jenereta ya zahanati na gari la parokia, zina daftari la matengenezo? Liletwe kikaoni. Mara ya mwisho kuandikwa ilikuwa lini, na aliyetia sahihi ni nani?